Mnasema Dogo wa Altezza Kafulia? Angalieni Vizuri Kwanza

Klipu ile nani Mwanza hajaiona? Sekunde 14 tu. Ndani ya Altezza nyeusi, muziki juu, binti yuko siti ya abiria anajirekodi, nywele zinapepea, tabasamu kama lote. Ghafla sura inabadilika. "Kaka, breki! Kaka!" Simu inaanguka, giza, mwisho.

Watu walicheka wakalia. Wengine wakaipandishia singeli, wengine wakafanya stika ya WhatsApp. Ikawa kila mtu akitaka kuchekesha kwenye grupu anatupia "Kaka, breki!" na mambo yanaenda.

Ambacho klipu haikuonyesha ni kilichotokea baada ya simu kuanguka. Dogo alikuwa anatoka pande za Usagara kurudi mjini, na tangu Buhongwa alikuwa anakanyaga mafuta, anafunga breki, anakanyaga tena. Alipofika karibu na stendi ya Nyegezi, foleni ikiwa imesimama mbele yake, akakanyaga pedeli ikaenda mpaka chini kama amekanyaga sponji. Akashusha gia, akavuta handbreki, gari ikaserereka ikatoka nje ya lami. Ilisimama hatua kama mbili kutoka kwa mama anayeuza ndizi, mwenye mtoto mgongoni.

Hakuna aliyeumia. Ndiyo maana watu wanacheka. Ingekuwa kinyume chake, hiyo stika leo ingekuwa tangazo la msiba.

Baada ya siku ile dogo akapotea mtandaoni. Yule yule aliyekuwa anaposti gari asubuhi, mchana na usiku, leo yuko Capripoint, kesho Malaika, keshokutwa kapaki mbele ya Rock City Mall, akakaa miezi 7 kimya. Halafu gari ikaanza kuonekana tena barabarani. Ila ilikuwa tofauti, na mji ukaanza kusema.

Kafulia. Rimu kauza. Bodikiti kang'oa. Sabufa hamna. Taa za ukungu hana, yamebaki matundu. Hata ule mlio wa ekzosi uliokuwa unaamsha watu Pasiansi usiku hausikiki tena. Wengine wakaenda mbali zaidi, eti kuna mama wa mjini alikuwa anamlea, kamkatia mrija.

Sasa tulieni. Kwenye hiyo orodha yote ya "dalili za kufulia" hakuna hata moja iliyo ya kufulia. Dogo anaiandaa gari ikakimbizwe mahali pa kukimbizia magari, sio barabarani kwetu. Na kila alichokitoa kwenye ile gari, alikitoa kwa sababu.

Mzee wa Igoma na sheria yake moja

Gari ilipelekwa Igoma, kwenye gereji isiyo na hata bango, chini ya mwembe, kwa mzee mmoja ambaye vijana wengi hawamjui kwa sababu hayuko Instagram. Dogo alifika na orodha kwenye simu. Anataka turbo, anataka ekzosi mpya, anataka busti geji ya kuweka kwenye dashibodi.

Mzee akaitikia shikamoo yake, akaisoma orodha mpaka mwisho, akamrudishia simu.

"Kijana, usinunue kitu. Kwanza tujue gari yako inaumwa nini."

Hiyo ndiyo sheria ya mzee, na ndiyo inayowashinda wengi. Sisi Wabongo gari ikisumbua tunabadilisha spea kwa kubahatisha. Fundi wa kwanza anasema koili, tunanunua koili. Wa pili anasema wota pampu, tunanunua wota pampu. Wa tatu anasema "hii ni mambo ya kompyuta", anachomeka kimashine chake, anafuta ile taa ya injini, anakula hela, taa inarudi ukifika Mabatini. Mwisho umetumia pesa ya nusu gari na ugonjwa uko pale pale.

Altezza ya dogo ilikuwa na magonjwa mawili ya wazi, kuchemsha ikikimbizwa na breki kupotea. La kuchemsha lilikuwa na historia ndefu. Mafundi wanne walishaipitia. Mmoja wao alifanya lile jambo linalofanywa na mafundi wengi sana nchi hii. Aling'oa themostati akaitupa, "ili maji yapite vizuri".

Wadau, themostati haikuwekwa pale kama pambo. Inafunga mpaka maji yafike kwenye nyuzi 80 na kitu, ndiyo inafungua. Ukiitoa, injini inachelewa kupata moto, kompyuta inadhani bado ni asubuhi, inaendelea kumwaga petroli ya ziada. Unapata gari inayokula mafuta, na siku ikichemsha bado inachemsha, kwa sababu tatizo lenyewe halikuwa pale.

Mzee alianza na kitu cha kuogopesha kuliko vyote, gasketi ya hedi. Akapima kompresheni silinda zote 4. Zikatoka karibu sawa. Akaangalia maji kama yana mapovu injini ikiunguruma. Hamna. Akaangalia oili kama imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Hamna. Injini nzima.

Basi akageukia mfuniko wa rejeta. Mfuniko tu, kale kadude ka kuzungusha kwa mkono. Akaufunga kwenye pampu ya kupimia presha, ukashindwa kushika.

Hapa ndipo Mwanza yenyewe inaingia kwenye hadithi. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na sisi tuko pembeni yake. Kwa urefu huu maji ya wazi hayachemki kwenye nyuzi 100 kama tulivyokariri darasani. Yanachemka karibu nyuzi 96. Mfuniko mzima wa rejeta unabana presha, na ile presha inapandisha kiwango cha kuchemka mpaka zaidi ya nyuzi 115. Mfuniko ukiwa umekufa, umebaki na nyuzi 96 zako, na injini inayokimbizwa inafika hapo bila shida. Kitu kinachouzwa kwa bei ya mlo wa sato pale Mwaloni Kirumba ndicho kilichokuwa kinamtesa dogo mwaka mzima.

Ugonjwa haukuwa huo peke yake. Rejeta ilikuwa imezibwa kwa mbele na vumbi pamoja na wale wadudu wadogo wanaotoka ziwani kama moshi. Wanakwama kwenye mapezi ya rejeta, wanakauka, mvua ya vumbi inawajengea, hewa haipiti. Na ndani kulikuwa na kutu, kwa sababu miaka yote alikuwa anajaza maji ya bomba badala ya kulanti. Rejeta ikabadilishwa, themostati ikarudishwa, kulanti ikawekwa.

"Kang'oa bodikiti"

Ndiyo, kaing'oa. Ile bampa ya mbele mliyokuwa mnaisifia ilikuwa imeziba njia ya hewa. Ilitengenezwa ipendeze kwenye picha, na kwenye picha gari haichemshi kwa sababu haitembei. Karudisha bampa ya kiwandani, ile Toyota waliyoichora wakijua hewa inapita wapi, na akafunga bati za pembeni ili hewa yote ipite katikati ya rejeta badala ya kuizunguka.

"Hana hata taa za ukungu"

Hii ndiyo imechekesha wengi. Kuna mtu kaandika kabisa, "njaa mpaka kauza taa". Angechungulia kwenye yale matundu angeona mabomba. Yanachukua hewa ya mbele na kuipuliza moja kwa moja kwenye diski za breki.

Kwa nini? Turudi Nyegezi. Breki kazi yake ni kugeuza mwendo kuwa moto. Na mwendo una ujanja wake. Ukitoka spidi 60 kwenda 120 umeongeza mara 2, lakini moto ambao breki zinatakiwa kuumeza unaongezeka mara 4. Rudia hivyo mara 6 au 7 bila kuzipa nafasi ya kupoa, moto unatoka kwenye diski, unaingia kwenye pedi, unapenya kwenye kalipa, unafika kwenye mafuta ya breki.

Mafuta ya breki aina ya DOT 3 yakiwa mapya yanatakiwa yahimili angalau nyuzi 205 kabla ya kuchemka. Lakini yana tabia ya kunyonya unyevu hewani, na sisi tunaishi pembeni ya ziwa. Yakishanyonya vya kutosha, kiwango hicho kinaweza kushuka mpaka 140. Mzee alipoyatoa ya kwenye Altezza yalikuwa meusi kama kahawa ya kijiweni. Haijulikani mara ya mwisho yalibadilishwa lini, huenda ni kabla gari haijapanda meli kutoka Japani.

Yakichemka yanatoa mvuke. Mafuta hayabinyiki, mvuke unabinyika. Ndiyo ile pedeli kwenda chini kama sponji. Ndiyo ile "Kaka, breki!"

Juu ya hapo kalipa moja ya nyuma ilikuwa imegoma, pini zimekauka, kwa hiyo magurudumu ya mbele yalikuwa yanafanya kazi ya wanne. Sasa hivi kalipa zote zimefunguliwa na kusafishwa, hozipaipu za breki mpya, pedi za kuvumilia moto, mafuta ya DOT 4 ambayo yakiwa mapya yanaanzia nyuzi 230, na yatabadilishwa kabla na baada ya kila siku ya kukimbiza. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoonekana ukipiga picha.

"Kauza rimu"

Kauza kweli, na kafanya la maana. Zile rimu za inchi 19 zilikuwa nzito, tairi zake nyembamba kama mkanda, na kila shimo la Mkuyuni lilikuwa linamaliza bushi na boljointi. Karudi kwenye inchi 17, saizi ambayo Altezza RS200 ilitoka nayo kiwandani.

Na tairi kanunua mpya. Hapa wengi tunajidanganya na tairi za mtumba zenye kashata nene. Ubavuni mwa tairi kuna namba 4, mfano 1415. Maana yake ilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2015. Mpira ukizeeka unakuwa mgumu hata kama kashata imejaa, na tairi ngumu haishiki lami. Wewe unayesoma hapa, nenda kaangalie za kwako leo, halafu rudi.

Pia springi zilizokatwa zimetolewa. Ndiyo, zilikuwa zimekatwa kwa gurudumu la kukatia chuma, ili gari ilale chini. Springi iliyokatwa inaipigisha shokapu mpaka mwisho, na ikitua vibaya kwenye kona hujui gari itaelekea wapi. Zimewekwa springi na shokapu zinazoendana, ikapigwa alaimenti. Gari imelala kidogo tu, sio ile ya kulamba lami.

"Sabufa hamna"

Boksi la sabufa, amplifaya na spika za nyuma vilikuwa na uzito wa mtu mzima. Gari ya mbio inabeba dereva na petroli. Uzito ukitoka, gari inawahi kuondoka, inawahi kusimama, na breki zinapumua. Ni marekebisho pekee kwenye gari ambayo badala ya kulipa unalipwa, maana sabufa iliuzwa.

"Gari haipigi tena mabomu"

Sasa tufike kwenye kelele, kwa sababu mjini hapa kelele ndiyo imekuwa kipimo cha gari.

Altezza RS200 ina injini ya 3S-GE, silinda 4, lita 2, hedi yake iliundwa kwa ushirikiano na Yamaha. Kwa gia ya mkono ilitoka na nguvu ya farasi 210. Mgandamizo wake ni 11.5 kwa 1, mkubwa sana. Mtu anayekwambia "weka turbo tu" kwenye pistoni hizo hizo anakutafutia shimo kwenye pistoni. Mzee alimwambia dogo hivyo hivyo, bila kupamba.

Halafu kuna hili la hewa. Huku juu ni nyepesi kuliko Dar. Injini isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Kwa Mwanza ni zaidi ya asilimia 11. Yaani zile farasi 210 za kwenye karatasi, hapa Kirumba ni kama 185, na hiyo ni injini ikiwa mpya. Hakuna ekzosi ya kupiga mabomu itakayokurudishia hizo farasi. Ile milipuko ni petroli inayounguzwa nje ya injini. Inawaka kwenye bomba badala ya kukusukuma mbele.

Kwa hiyo dogo karudisha mofla ya heshima. Pesa ya ekzosi aliipeleka kwenye oili. Ukiingia kona ndefu kwa kasi, oili yote inakimbilia upande mmoja wa sampu, pampu inavuta hewa, na krenki inasaga bila oili. Sekunde chache tu na injini imenoki. Mzee alifungua sampu akachomelea bati za kuizuia oili isihame. Na dogo kaambiwa asiwashe gari asubuhi kabla ya kuchomoa stiki ya oili na kuiangalia. Kila siku, hata kama anaenda dukani.

Wakati huo huo, bosi mmoja wa Subaru

Kuna bosi mmoja mjini, wenye mji mnamjua, ana Subaru ya bluu. Wiki ile ile mliyokuwa mnamcheka dogo, bosi alikuwa anatrendi kwa sababu gari yake ilitoa moto kwenye ekzosi pale karibu na Kona ya Bwiru. Laiki kama mvua. "Hatari!" "Mnyama!"

Kilichofuata hakikupostiwa. Bosi alipandisha busti bila kuipanga upya kompyuta ya injini. Turbo ikasukuma hewa nyingi, petroli ikabaki ile ile. Hewa nyingi petroli kidogo, moto wa ndani unapanda kupita kiasi, injini inaanza kugonga. Na kwa urefu huu turbo inabidi izunguke kwa kasi zaidi kuleta hewa ile ile ambayo Dar ingeipata kirahisi. Subaru iliondoka kwenye sherehe ikivutwa kwa kamba usiku wa manane, taa zimezimwa, wapambe wameficha simu.

Sio kumcheka bosi. Hela ni zake. Suala ni sisi tunaopiga makofi. Tumempa laiki aliyeua injini kwa kelele, tukamwita kafulia aliyeiokoa kwa kimya. Vijana wadogo wanaangalia wanajifunza kipi kinalipa.

"Si bora angenunua Crown?"

Hoja hii imejaa kila mahali na ina uzito wake. Altezza ilianza kutoka 1998 ikasimama 2005. Iliyo changa kabisa imeshatimiza miaka 20. Kwa pesa aliyoizika Igoma angeongeza kidogo akapata gari ya karibuni, yenye kiyoyozi kinachofanya kazi.

Lakini gari ya karibuni ingemfundisha nini? Altezza ni gari nyepesi, inasukumwa na magurudumu ya nyuma, haina kompyuta nyingi za kumficha dereva makosa yake. Ilichukua tuzo ya gari bora la mwaka Japani kwa msimu wa 1998 na 1999. Ukiikosea inakwambia hapo hapo. Na kila kitu ndani yake fundi wa chini ya mwembe anaweza kukifungua na spana.

Halafu ukanda huu una historia na vyuma chakavu. Mashindano ya Safari yalianza 1953, na miaka ile yalipita Kenya, Uganda na huku kwetu Tanganyika. Mwaka 1965 aliyeshinda alikuwa Joginder Singh, Mkenya, fundi magari, akiwa na kaka yake ndani ya Volvo PV544 ya mtumba. Ya mtumba! Timu za viwanda zilikuja na magari mapya, wakabaki kwenye matope. Mwaka 1963 na tena 1968 waliofika mwisho ni magari 7 tu. Safari haikuwa inamtafuta mwenye kelele. Ilikuwa inamtafuta aliyeandaa gari ikafika.

Sifa zake ni hizo, kosa lake pia lisemwe

Isije ikaonekana dogo ni malaika. Siku ya Nyegezi alikuwa anafanya mbio kwenye barabara ya watu. Sheria inasema 50 kwenye makazi, na haikuandikwa kwa ajili ya mapambo. Alikuwa na mdogo wake wa kike ndani, na mbele yake kulikuwa na mama na mtoto ambao hawakuomba kuwa sehemu ya klipu ya mtu. Mdogo wake mpaka leo hajapanda tena ile gari. Anapanda daladala, na dogo hamlazimishi.

Kwa wale mnaouliza kama alirudi kwa yule mama, alirudi. Alienda bila simu, na mzee wa Igoma akafuatana naye. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Mwanangu, mimi sina gari, nina miguu tu. Ukija na kasi nakimbilia wapi?" Hakuna breki ya dukani inayojibu swali hilo.

Na ndiyo hapa inapokuja hoja ya mwisho, ya wenye mamlaka. Mwanza haina uwanja wa lami wa mbio za magari. Kijana mwenye ugonjwa wa kasi anaangalia huku na huku, anaona barabara ya Airport usiku, na tangu Juni 2025 anaona Daraja la JPM pale Kigongo na Busisi, kilomita 3 za lami mpya iliyonyooka juu ya ziwa. Kishawishi kipo, tusijifanye hatukioni. Daraja lile limejengwa kwa ajili ya wagonjwa, wafanyabiashara na wanafunzi wa Sengerema wavuke, sio kwa ajili ya mtu kupima farasi zake.

Wenzetu Kenya wamepata njia. Kule Kiambu kuna mbio za kushindana na saa, wanaziita TT. Barabara inafungwa, gari linaingia moja moja, kuna kofia ngumu, kuna kukaguliwa kabla hujaruhusiwa. Gari yenye mafuta ya breki meusi kama kahawa haiingii. Huko ndiko dogo anakotaka kwenda, kupitia Sirari, na hasemi anaenda kushinda. Anasema anataka amalize mizunguko yake yote halafu aendeshe gari ile ile kurudi nyumbani.

Mwanza inashindwa nini? Haihitajiki Silverstone. Inahitajika sehemu moja ya lami inayofungwa Jumapili moja kwa mwezi, trafiki wawepo, gari la wagonjwa liwepo, na mafundi kama mzee wa Igoma walipwe kukagua. Anayefeli ukaguzi anarudi nyumbani na gari yake na aibu yake. Vijana wengi wangejua hali ya breki zao pale, badala ya kuijua mbele ya stendi ya Nyegezi.

Mpaka siku hiyo ifike, mkiiona Altezza nyeusi inapita taratibu, rimu ndogo, haina kelele, ina matundu mahali pa taa, msimwonee huruma mwenyewe. Huenda ndiyo gari pekee kwenye foleni hiyo ambayo mwenye nayo anajua kwa hakika kwamba akikanyaga breki, itasimama.

Je, wewe ya kwako mafuta ya breki umebadilisha lini? Sema ukweli hapo chini. Na kama una jibu la wapi Mwanza pangefaa kufungwa kwa mbio za siku moja, dondosha eneo, tulijadili.